Spea za kempa kuukuu Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wenye magari ya kulala, yaani kempa, huku pwani tunaulizana maswali yaleyale kila siku, gereji, barazani, hata kwenye foleni ya feri Likoni, kwa hivyo nimeyakusanya hapa. Mimi nina Hiace ya mwaka 1996 yenye paa la kuinuka na mengi nimeyajua kwa kulifungua hilo. Maswali yana namba, ukiona "angalia swali la 8" nenda huko, sitaki kurudia jambo mara mbili.

## Ya mwanzo

1. Gari lina karibu miaka thelathini, spea zake bado zipo kweli Mombasa?

Zipo, na nyengine ni nyingi kuliko unavyodhani, ila inategemea unatafuta za upande gani. Kempa ni vitu viwili vimepandana, chini gari la kazi, juu nyumba. Chini mara nyingi ni Hiace, Caravan, Bongo ama Kombi, na Hiace na Caravan ndizo zilizobeba watu mji huu miaka na miaka zikiwa matatu, mafundi wamefungua na kufunga injini zake mpaka wanazijua kwa kupapasa gizani. Breki, klachi, bushi, pampu ya maji, hivo hutalala njaa ukivitafuta.

Shida iko kwa vitu vya bodi na vya nyumba. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo Hiace za miaka ya tisini hazishuki tena Kilindini, zilizopo ndizo hizohizo na kila mwaka zinapungua. Taa ya nyuma, kioo cha pembeni, roli za mlango wa kuteleza, hivo ukiviona vizima vinunue hata kama chako bado hakijavunjika.

2. Nifanye nini kabla sijakanyaga dukani?

Andika namba. Mtu anaenda dukani anasema "nataka pampu ya Hiace ya tisini na kitu", muuzaji anampa inayofanana, fundi analazimisha, wiki mbili maji yanavuja. Tafuta bamba la gari, liko kwa mlango ama chini ya kiti ama kwa ukuta wa injini inategemea na gari, lipige picha, kisha shuka chini utafute namba iliyogongwa kwa injini yenyewe nayo uipige picha.

Kwa Hiace za Japani zile herufi za mwanzo wa chasisi zinakwambia mengi: LH ni dizeli ya ukoo wa L, KZH ni dizeli ya 1KZ yenye turbo, RZH ni petroli ya ukoo wa RZ. Lakini usiamini chasisi peke yake wala logbuku peke yake. Langu logbuku ilisema injini ni 2L, ndani kulikuwa na 3L, mwenye gari wa mbele yangu alibadilisha na hakuandikisha, nikanunua gasketi ya hedi isiyo yake.

Halafu uwe na daftari. La karatasi, likae ndani ya gari. Kila spea ukiiweka andika namba yake, kampuni iliyotengeneza, umenunua duka gani, siku gani na gari lilikuwa limetembea kilomita ngapi. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na gari kuukuu ndio hasa. Baada ya miaka miwili mitatu hilo daftari lina thamani kuliko fundi yeyote, kwa sababu fundi anahama lakini namba haihami.

3. Namba ya spea ndio ipi na naisomaje?

Ni ile iliyoandikwa kwa spea yenyewe ama kwa boksi. Ya Toyota ina sehemu mbili, tarakimu tano, kistari, halafu tano nyengine. Tano za mwanzo zinasema ni kitu gani: 16100 ni pampu ya maji, 13568 ni mkanda wa taimingi, 04465 ni breki pedi za mbele, 04495 ni breki shuu za nyuma, 31250 ni sahani ya klachi, 11115 ni gasketi ya hedi. Tano za mwisho ndizo zinazosema ni ya gari lipi hasa, na hapo ndipo watu wanapokosea, wanasoma za mwanzo wanaona zimefanana wanalipa.

Volkswagen wao wanaenda tatu tatu. Ikianza na 211 ni ya Kombi ile ya zamani ya T2, ikianza na 251 ni ya T3, Kombi iliyoifuata, na 025 ni vitu vya injini ya T3 ya petroli inayopozwa kwa maji.

Ukiwa na namba kamili unaweza kumtumia muuzaji yeyote kwa WhatsApp, awe Mwembe Tayari awe Dubai, na mkaelewana bila kuandikiana insha.

4. Jenuini, orijino, eksi-Japani, aftamaketi, maneno yote haya yana maana gani?

Jenuini ni iliyo ndani ya boksi la kampuni ya gari lenyewe. Orijino dukani kila mtu anaitumia anavyotaka, wewe uliza "imetengenezwa na nani?" Maana Toyota hatengenezi kila kitu mwenyewe, pampu nyingi na klachi ni Aisin, vitu vya umeme ni Denso, na ukinunua Aisin kwenye boksi la Aisin mara nyingi unapata kitu kilekile kwa bei ndogo. Hapo ndipo mimi ninapoweka pesa yangu.

Aftamaketi ni kampuni nyengine iliyotengeneza ya kufanana. Sio zote mbaya, kwa bol jointi na tai rodi endi wengi tunatumia 555 ya Japani miaka yote, kwa shoki KYB, kwa mikanda Bando, Mitsuboshi ama Gates. Eksi-Japani ni mtumba uliotolewa kwa gari lililokufa Japani, angalia swali la 8. Na feki ni feki, ina jina la mtu mwengine, angalia la 7.

## Kununua hapa mjini

5. Niende wapi hasa?

Kwa spea mpya anza Barabara ya Jomo Kenyatta na vichochoro vya Mwembe Tayari. Kwa mtumba wa injini, giaboksi na bodi, na kwa mafundi wa kuchomelea, tembea Changamwe, Magongo na Kisauni. Usinunue siku ya kwanza. Zunguka maduka matatu, uliza namba ileile, sikiliza nani anakuuliza swali la pili. Muuzaji anayekuuliza "injini gani? ina turbo? klachi meno mangapi?" huyo mshike. Anayekwambia "ni hii tu, inaingia zote" msalimie uende zako.

Na usiseme "spea ya Nissan" kama gari ni Toyota. Mji huu na Kenya nzima tulizoea kuita kila matatu ndogo Nissan, na kuna vijana wa duka watakutolea ya Nissan kweli.

6. Nimtume fundi ama niende mwenyewe?

Nenda naye, ama nenda mwenyewe na spea ya zamani mkononi. Fundi ukimtuma atapata chake dukani, hilo ni jambo la kawaida na simlaumu, lakini atapelekwa na duka linalompa chake, sio duka lenye kitu kizuri.

Hii ya kubeba ya zamani naomba uichukulie kwa uzito. Kuna mzee mmoja Mwembe Tayari nilimpelekea pampu ya maji imetoa maji kwenye beringi. Hakusoma hata namba kwanza. Alitandaza gazeti kwenye kaunta, akalaza pampu yangu kifudifudi, akachora ukingo wake na matundu yote kwa kalamu, akaiondoa, akaweka mpya juu ya ule mchoro. Ukingo ulikaa sawa, matundu yote yalikaa sawa ila moja lilipishana kama nusu sentimita. Akaniambia, "Mwanangu, hii ukichukua utarudi kesho," akaingia stoo akatoa nyengine, akachora tena. Ilikaa. Yote ilikuwa dakika tano. Tangu siku ile natembea na karatasi na kalamu, na gasketi, flenji, pampu, thamostati zote nazipima hivo kabla sijatoa pesa.

7. Nitajuaje kama hii ni feki?

Hakuna alama moja ya kukuhakikishia, unaangalia vitu vingi kwa pamoja. Boksi: maandishi yamefifia, herufi zimekosewa, stika imebandikwa upogo. Spea yenyewe: beringi ya kweli namba yake imechorwa ndani ya chuma, sio wino. Uzito: shikilia ya zamani mkono mmoja na mpya mkono mwengine. Mpira: ukunje, ukitoa mistari myeupe umekauka ama ni takataka. Bei: ikiwa maduka matatu yako karibukaribu na la nne ni nusu, jibu unalo.

Nilinunua beringi ya gurudumu la mbele, boksi la jina kubwa la Japani, duka sitalitaja. Tumepita Mariakani nikasikia harufu ya grisi inaungua, nikasimama, habu haishikiki kwa moto. Tulipoifungua nikapitisha ukucha kwenye ile namba ikatoka, ilikuwa rangi tu. Nilikuwa na mama yangu nyuma na watoto wawili. Ndio maana kwa beringi, breki na usukani sibembelezi bei na sitambembeleza mtu anunue rahisi.

Ukigundua umeuziwa feki usitupe boksi wala risiti. Iko Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, imeanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, wanapokea malalamiko.

8. Mtumba wa Japani ninunue ama nisinunue?

Swali hili ndilo linaloleta ugomvi sana, na jibu ni kwamba inategemea kitu chenyewe kinachakaa vipi.

Vitu vya chuma kigumu na vya bodi nunua mtumba bila wasiwasi: mlango, bawaba, habu, rimu, diferensha, giaboksi ukiweza kuizungusha na kusikiliza, altaneta na stata ukiweza kuzijaribu palepale kaunta kwa betri. Altaneta ya Denso iliyotumika Japani mara nyingi inaishinda mpya isiyo na jina. Ukiifungua ukibadilisha makaa (brashi za kaboni) na beringi inakwenda miaka.

Chochote chenye mpira, ama kinachosuguana ili kifanye kazi, usichukue mtumba. Breki pedi, breki shuu, mipira ya breki, sahani ya klachi, mkanda wa taimingi, mipira ya rejeta, bushi, bol jointi, oili sili. Mpira unazeeka hata ukikaa kwa rafu. Mkanda wa taimingi wa mtumba ukikatika kwa injini ya 3L valvu zinagongana na pistoni, hapo umenunua injini.

Kuna vya katikati. Silinda hedi ya mtumba nunua kwa sharti kwamba unaipeleka kwanza kwa fundi wa mashini aijaribu kwa presha ya maji moto, na muuzaji akubali kuirudisha ikiwa na ufa. Akikataa sharti hilo anajua kitu. Pampu ya dizeli vilevile, ipite kwa mwenye benchi la kupimia. Rejeta ya mtumba mimi sipendi, ndani huioni, afadhali ya kwako ifunguliwe iwekwe koo mpya, yaani kile kiini cha ndani.

Matairi nayo yamo humu. Usinunue bila kusoma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Na kempa ni nzito, ina kitanda, tangi la maji, jiko, kwa hivyo chukua tairi yenye herufi C mwisho wa saizi, ya gari la mzigo.

9. Je garantii?

Duka nyingi ni ya mdomo. Omba risiti yenye namba ya spea, sio "pampu 1". Na mkubaliane kabla hujalipa kwamba kisipoingia unarudisha, ndani ya siku ngapi, na wanarudisha pesa ama wanabadilisha. Vitu vya umeme vingi havirudishwi popote, kwa hivyo vijaribu palepale.

## Gari kwa gari

10. Hiace, injini gani ina spea rahisi?

3L, haina mpinzani. Jina linachanganya watu, 3L si lita tatu, ni cc 2779, yaani kama mbili na nane. Ya lita tatu bila turbo ni 5L, cc 2986, na ya lita tatu yenye turbo ni 1KZ, cc 2982. Ukimwambia muuzaji "dizeli ya lita tatu" umemwachia achague kati ya injini mbili zisizo na undugu kabisa, 5L ni ndugu ya 3L na 1KZ ni kitu chengine. Taja herufi.

Zote hizi tatu zina mkanda wa taimingi, na taa ya T-BELT kwenye dashi inawaka kilomita 100,000. Mita za magari haya zimechezewa sana, kwa hivyo kama umenunua gari na hujui mkanda ulibadilishwa lini, badilisha sahii, pamoja na beringi yake ya kukazia, usiweke mkanda mpya juu ya beringi ya zamani.

Na tafadhali mrudishie thamostati. Mafundi wengi huku wanaitoa wanasema pwani kuna joto haina kazi. Ina kazi, injini ya dizeli bila thamostati haifiki joto lake, inakula mafuta na kuchakaa mapema.

11. Nissan Caravan ama Homy?

Ya zamani, E24, mara nyingi ina TD27 na hiyo ni baraka. Haina mkanda wa taimingi, ni gia kwa gia, na injini hiyohiyo iliwekwa kwa pikapu za Nissan na Terrano, kwa hivyo usiulize spea za Caravan, uliza za TD27. Vitu vya bodi ndio vigumu, rudi swali la 1.

12. Mazda Bongo Friendee, ile yenye paa linaloinuka lenyewe?

Gari zuri sana la kulala, lilitengenezwa 1995 mpaka 2005, lakini linataka mtu mwangalifu. Injini ya dizeli WL-T, cc 2499, haisamehi joto. Iko chini ya viti, mipira ya maji ni mirefu na mengine imejificha nyuma ambako fundi haoni, ikipasuka mmoja maji yanaisha kabla sindano haijakuonya na hedi inapata ufa. Badilisha mipira yote kwa pamoja, hata inayoonekana mizima, na weka kengele ya kukuonya maji yakipungua.

Spea nyingi za ndani ya injini zinafanana na za Ford Ranger na pikapu za Mazda za zamani zenye injini ya WL, duka likisema halina za Bongo uliza hivo, ila pima kama swali la 6. Mota za paa zikifa anza na fyuzi na nyaya, mara nyingi ni kutu kwenye viungo tu.

13. Kombi za Volkswagen je?

Hapa utaagiza nje, lakini usikate tamaa, Kombi ina spea mpya kuliko gari nyingi za Japani za rika lake. T2 iliendelea kutengenezwa Brazili mpaka Desemba 2013, na T3 Afrika Kusini mpaka 2002, kwa hivyo nchi hizo mbili bado zina vitu. Afrika Kusini ni usukani wa kulia kama sisi, anza huko kwa T3. Ila ujue T3 zao za mwisho zina injini ya silinda tano ya Audi, vitu vya injini haviingiliani na zile za Ujerumani. Na Kombi za Brazili kuanzia mwisho wa 2005 zinapozwa kwa maji, kwa hivyo spea ya injini ya hiyo si ya T2 yako inayopozwa kwa hewa.

## Vitu vya nyumba

14. Turubai la paa limechanika, naliagiza nje?

Hapana. Mafundi wa turubai za malori na viti vya matatu wanalishona vizuri kabisa. Wapelekee la zamani, hata kama ni matambara, walifumue walilaze kama patani. Chagua kitambaa kisichooza na uzi wa polista, uzi wa pamba jua la huku linaula. Zile fimbo za gesi za kuinulia paa zina maandishi ubavuni, namba inayoishia na N ni nguvu yake, pima urefu ikiwa imefunguka yote, tafuta yenye N ileile kwa wauza spea za mlango wa nyuma wa gari ndogo.

15. Jiko la gesi limetoka Ulaya, mtungi wa hapa haufungi.

Usilazimishe mtungi. Badilisha regyuleta na mpira, nunua za hapa zinazofunga mtungi wa kilo 6 ama 13. Lakini kwanza soma kibamba cha jiko: majiko mengi ya zamani ya Ujerumani ni ya presha ya gesi ya 50 mbar, na regyuleta za kawaida ni kama 30, moto utakuwa dhaifu na wa manjano. Hapo ni afadhali uweke jiko jengine kuliko kuchokonoa nozeli. Ukimaliza paka povu la sabuni kila kiungo, ukiona linatoa mapovu funga mtungi. Na pale unapokaa mtungi, sakafu iwe na tundu la hewa, gesi ni nzito inashuka.

16. Pampu ya maji ya sinki, friji, swichi za volti 12, nani anauza?

Wenye maboti. Hili watu hawalifikirii na liko mbele ya macho yetu, boti ya uvuvi wa kitalii ina pampu ya volti 12, tangi, mabomba, fyuzi, taa na vibano visivyoshika kutu, vitu vilevile vya kempa na tena vimetengenezwa kustahimili chumvi. Uliza mafundi wa maboti Mtwapa na Kilifi Creek. Friji za zamani za gesi zinataka gari likae sawasawa bila kuinama, kabla hujaitangaza imekufa iweke pahali tambarare usiku mzima. Ikiwa kweli imekufa weka ya kompresa ya volti 12, zinauzwa mjini na wauza sola.

17. Madirisha ya plastiki na mipira yake?

Plastiki wanakata mafundi wa mabango, peleka la zamani. Mpira wa kioo unauzwa kwa mita kwa wanaojenga bodi za matatu, beba kipande cha ule wa zamani kama sentimita tano ili walinganishe umbo.

## Chumvi

18. Huku pwani spea gani zinakufa mapema na niweke akiba gani?

Mabomba ya chuma ya breki, ezosi, viungo vya nyaya, na chini ya milango. Breki ndio ya kuogopa. Fundi akitaka kukuwekea bomba jembamba la shaba la friji kwenye breki mkatalie, linapasuka kwa mtikisiko, weka la chuma la breki ama la shaba iliyochanganywa na nikeli. Ukitoka ufukweni ama ukipita madimbwi ya maji ya bahari, osha chini kwa maji matamu siku hiyohiyo. Viungo vya nyaya vipake grisi.

Akiba ninayotembea nayo: mikanda ya feni, mipira miwili ya rejeta na vibano, thamostati, fyuzi, chujio la dizeli, seti ya mipira ya silinda kuu ya breki, balbu, na lita tano za maji. Yote yanaingia chini ya kiti.

## Kutoka mbali

19. Mombasa hakuna, Nairobi ipo. Naipataje?

Maduka ya Kirinyaga Road na Industrial Area wanatuma na basi la usiku, asubuhi unachukua ofisi ya basi Mwembe Tayari. Kabla hujatuma M-Pesa omba picha tatu: spea yenyewe, namba yake kwa karibu, na boksi pamoja na karatasi iliyoandikwa jina lako na tarehe ya leo. Mwenye kitu kweli mkononi hashindwi. Kwa muuzaji mgeni anza na kitu kidogo, ama tafuta ndugu Nairobi apite akitazame.

20. Nikiagiza nje ya nchi ushuru unakuwaje?

KRA, mamlaka ya ushuru, wanahesabu juu ya bei ya kitu pamoja na usafiri na bima. Hapo kuna ushuru wa forodha kulingana na aina ya kitu, VAT ya 16% juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru, na ada za uagizaji na reli. Juu yake kampuni ya kusafirisha inatoza ya kwake ya kutoa mzigo. Kwa hivyo kipande kimoja kidogo mara nyingi hakina maana kukiagiza peke yake, ungana na wenzako wenye gari kama lako mlete kwa pamoja. Muuzaji aandike bei ya kweli kwa ankara na aeleze ni spea ya gari gani, "vitu mbalimbali" inachelewesha mzigo.

Njia nyengine ni wafanyabiashara wetu wanaokwenda Dubai na Sharjah, wapo wanaochukua oda, na hapo ndipo namba kamili ya swali la 3 inakulipa.

## Mambo ya pembeni

21. Injini imekufa kabisa, niweke nyengine?

Inaruhusiwa, lakini iandikishe. Muuzaji akupe risiti na karatasi za kuonyesha injini imetoka wapi, gari lipelekwe ukaguzi, NTSA, mamlaka ya usafiri, wabadilishe namba kwa logbuku. Bila hivo utapata shida barabarani, bima inaweza kukataa, na siku ya kuuza mnunuzi atakimbia. Na weka injini ya ukoo uleule, 3L kwa 2L ama 5L, kwa sababu ukileta ya ukoo mwengine unahitaji mikono ya injini mipya, propela, nyaya, na kila spea baadaye itakuwa kitendawili kwa fundi ajaye. Andika kila kitu kwa daftari.

22. Gari limetoka Ulaya, usukani kushoto, spea za hapa zinaingia?

Injini na giaboksi mara nyingi ndio. Sanduku la usukani, mikono ya waipa, pedali na silinda kuu ya breki, hapana, hivo viagize. Taa za mbele nazo zinamulika upande wa pili, zitampofusha anayekuja mbele yako, weka za usukani wa kulia kama zinapatikana.

23. Na kama haitengenezwi tena popote?

Kuna njia tatu na mimi nazifuata kwa mpangilio huu. Kwanza tafuta gari jengine lililotumia kitu kilekile, viwanda vinarudia vitu, beringi ya mlango inaweza kuwa ya kawaida kabisa, isome namba upeleke kwa duka la beringi, sio la magari. Pili itengeneze ya zamani: sanduku la usukani linafunguliwa likawekwa sili mpya, silinda ya breki inawekwa mipira mipya kama ukuta wake haujashika vishimo, rejeta inawekwa koo. Tatu ichongeshe. Fundi wa leth akipata bushi ya nailoni ya bawaba ya paa anakutolea mpya ukisubiri nje na kikombe cha kahawa, langu nilichongesha nne na zimekaa miaka sita. Breki na usukani usichongeshe, labda bushi tu na kwa fundi unayemjua.

Kwa yote matatu unahitaji kile kipande kilichovunjika, hata kikiwa vipande viwili. Fundi akikibadilisha atakirusha kwa ndoo ya chuma chakavu, mwambie akupe, kifute grisi, kitie kwa mfuko wa plastiki, andika juu yake kimetoka wapi, ukiweke chini ya kiti pamoja na ile akiba ya swali la 18.